Paa, si Baa

Penseli ya karani ilivunjika kwa mlio mdogo kuliko nilivyotarajia. Ilikuwa penseli nyekundu, mpya, na alikuwa ameshaipenyeza kwenye mabawa ya ndege yangu ya mbao na karatasi mara saba. Mara ya kwanza nilidhani mkono umemteleza. Mara ya pili nilisema, "Bwana karani, tafadhali." Mara ya tatu nilisema bila tafadhali. Alikuwa akitoboa karatasi ya bawa, kati ya ubavu na ubavu, kisha anainama na kuchungulia kitundu.

"Humu mna nini?"

"Hewa."

"Na humu?"

"Hewa ileile."

Alipoinua mkono mara ya nane nikaitoa penseli vidoleni mwake, polepole, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Nikaivunja vipande viwili nikaviweka juu ya fomu yake, kimoja kando ya kingine. Idil, binti yangu, aliyekuwa mgongoni akiota meno, akacheka. Watu wa foleni hawakucheka. Wakati huu wa vita mtu havunji kitu cha ofisi, hata kikiwa penseli.

Ndivyo nilivyostaafu. Nina miaka ishirini na minne na mimi ni mstaafu, chekeni tu. Bwana Pinto, msimamizi wa karakana yetu, ndiye aliyeniletea habari nyumbani, kofia mikononi: ofisi ya vibali imesema nisionekane tena kwenye meza yangu mpaka niandike barua ya kuomba radhi. Nikiandika, ndege itatoka stoo, itapewa kibali cha kuvuka daraja, itapanda lori la mume wangu Abdi Jumatatu pamoja na msafara, na itafika Nairobi kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Nisipoandika, ibaki huko huko. Iko stoo ya ofisi hata sasa ninapoandika haya. Wameiegemeza ukutani kwa bawa moja, chini ya mabati. Kama mmejifunza lolote kwangu mnajua maana ya mabati, jua la Garissa, na bawa lililoegemezwa. Kila adhuhuri linajipinda kidogo zaidi.

Barua itakuja mwisho. Kwanza kazi, kwa sababu naambiwa meza yangu mmeachiwa nyinyi, wasichana watano. Bwana Pinto macho yake yamechoka, na kuna mambo hatawaambia kwa kuwa alijifunza kwangu na amesahau kwamba alijifunza.

Kwanza mjueni mwenyewe. Ni mzee wa Kigoa, mchora ramani za barabara kwa nusu ya maisha yake, aliyekuja huku na sanduku la nguo na sanduku kubwa zaidi la michoro ya ndege. Si ndege za leo. Ni za mtindo wa kale, zile zilizokuwa zikiruka alipokuwa na suruali fupi: bawa moja juu ya paji la uso, ncha za mviringo, kijumba cha rubani chenye madirisha, magurudumu mawili kama ya baiskeli ya mdoli. Alizijenga ndogo, kwa mbao za balsa, ubao mwepesi kuliko mkate, akawafundishia watoto wa shule kwa nini kitu kizito kuliko hewa hakianguki. Mji mzima ulimpenda, lakini mji mzima hauna P kinywani. Wakamwita Bwana Binto. Wanawake wa sokoni wakafupisha mambo, wakamwita Bwana Binti. Alikubali. Alisema kazini kwake zamani aliitwa vibaya zaidi, tena na watu waliojua herufi zote.

Mimi niliajiriwa mwaka ule bendera ilipobadilishwa, niandike lebo na kujibu barua. Nilikuwa nimesoma sekondari ya bweni huko kusini mpaka kidato cha tatu, ndipo nikaolewa. Meza yangu ilikuwa pembeni. Kwenye meza kubwa walikuwa vijana watatu waliokuwa wakijaribu kukunja ufito wa balsa uzunguke ncha ya bawa. Wanakunja, tak. Wanachukua mwingine, tak. Asubuhi nzima nilisikiliza tak. Nilipohesabu ya tisa nikaweka kalamu chini.

"Mnaikunja kavu," nikasema.

"Naa, wewe andika lebo," mmoja akaniambia. Hiyo naa ni ya kumwita mwanamke, na kuna namna mbili za kuitamka. Yake ilikuwa ile ya pili.

Nikachukua ufito, nikautumbukiza kwenye birika la chai ya Bwana Pinto. Chai ya maziwa, moto, yenye iliki. Nikauacha humo nikihesabu mpaka mia moja, nikautoa, nikaukunja kwa vidole gumba nikizunguka kibao cha mviringo, nikaufunga kwa uzi mpaka ukauke. Haukusema tak. Bwana Pinto akaangalia ufito, akaangalia chai yake, akainywa. Kesho yake kiti changu kilihamishiwa meza kubwa. Ncha ya bawa lile ilinukia iliki mpaka siku ndege ilipoondoka.

Sikuwa na uchawi. Nilikuwa na mama. Hooyo yangu alizaliwa upande wa Hulugho, kwenye ngamia, na kwetu nyumba hujengwa na mwanamke. Nyumba ya aqal ni fito zilizokunjwa kwa joto na maji, zikafungwa, zikafunikwa kwa mikeka. Inavunjwa asubuhi, inapandishwa juu ya ngamia, jioni inasimama mahali pengine. Wale vijana walipokuwa wakisema ndege ni kazi ya wanaume, niliwauliza: kitu cha fito zilizokunjwa, kilichofunikwa, chepesi, cha kusafiri, ni nini? Nikawaambia ni aqal, tofauti ni ngamia tu.

Basi sikilizeni, abaayo, dada zangu. Balsa haifanani. Ubonyeze ubao kwa ukucha. Ukiingia kama siagi, huo ni wa mbavu. Ukikataa, huo ni wa boriti, ule uti mrefu unaobeba bawa zima. Tangu malori yaanze kwenda kwa msafara tu, sanduku la balsa linafika likipenda, kwa hiyo msitupe hata kipande cha urefu wa kidole. Mbavu msizikate mojamoja kwa wembe, hazitalingana. Panga vibao vyote pamoja kama chapati, kimoja juu ya kingine, weka kielelezo cha bati juu na kingine chini, bana, kata zote kwa mara moja, kisha piga msasa zikiwa bado zimebanwa. Mchoro uutandaze ubaoni, na juu yake karatasi iliyosuguliwa mshumaa, gundi isishike. Mmoja wenu atasahau mshumaa. Mimi nilisahau. Nilipoinua bawa, mchoro ukaja nalo. Ndege ile iliruka na vipimo vyake vimeandikwa tumboni mwa bawa, na watoto wa shule wakavisoma ikipita.

Pini haipigwi katikati ya ufito, hupigwa huku na huku, ufito ukaiegemea. Ukiutoboa, umeshauvunja, ila hujaambiwa bado.

Kosa langu kubwa lilikuwa la maji. Ukishafunika bawa kwa karatasi nyembamba, huwa limelegea kama shavu la mzee. Unalinyunyizia maji, karatasi inakauka, inakaza, ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Bwana Pinto alinionyesha mara moja. Mara ya pili aliniacha peke yangu. Nikanyunyizia upande wa juu, nikaona joto ni kali, nikaona kuna haraka gani, acha juu kukauke kwanza. Nikaliweka nje juani nikaenda kumnyonyesha Idil. Niliporudi bawa lilikuwa limejinyonga kama shingo ya ngamia anayetazama nyuma.

Nikalibeba mpaka nyumbani kwa hooyo, nalia, sikatai. Akaligeuza huku na huku. Ngozi mbichi ndiyo aliyofungia nyumba maisha yake yote, na ngozi mbichi pia hukaza ikikauka.

"Hii aqal ulikaza kamba za upande mmoja," akasema. "Unashangaa imelala?"

Akalilowesha lote, juu na chini kwa pamoja, akalilaza kwenye mkeka kivulini, akaweka mawe madogo kwenye kila pembe, akaniambia nisiliguse mpaka kesho. Kesho lilikuwa limenyooka. Bwana Pinto aliliangalia kwa jicho moja kutoka nchani, kama anavyoangalia mtu bunduki, akauliza nilifanyaje. Nikamwambia. Akaandika kwenye daftari lake: juu na chini kwa pamoja, kivuli, mawe, usiku kucha. Hakuandika jina la hooyo. Nikachukua kalamu nikaliandika mimi.

Kisha kuna jambo la mbuzi. Karatasi tulikuwa tunaibandika kwa uji wa unga wa ngano, mwepesi, kwa sababu gundi ya kutoka Nairobi ni ya mbao tu na haitoshi. Uji wa ngano ni mzuri. Mbuzi nao wanaona hivyo hivyo. Siku moja nimeweka mkia wa ndege dirishani ukauke, nikageuka kuchukua brashi, nikasikia mtafuno. Mbuzi wa jirani alikuwa amekula mkia wote, ameacha mbavu zimesimama kama kitana. Bwana Pinto aliketi chini. Alisema amejenga ndege miaka arobaini, amepoteza ndege kwa upepo, kwa moto, kwa mti, hajawahi kupoteza kwa mbuzi. Tangu hapo natia manemane kwenye uji, kipande kama punje ya mahindi, kilichosagwa. Ni chungu. Mbuzi anaonja mara moja, anakuangalia kama umemtukana, anaondoka. Mchwa nao hawapendi. Hilo ni langu. Mkiulizwa nani aliyelianzisha, mtaje jina langu.

Dawa ya kukazia, ile inayonukia kama ndizi zilizoiva sana, msiipake ndani ya chumba. Nilipokuwa na mimba ya Idil niliipaka ndani siku moja nikaona madirisha manne mahali penye mawili. Ipakeni nje, alfajiri, jua halijapanda, maana likipanda inakauka kwenye brashi kabla ya kufika kwenye karatasi. Tabaka nyembamba tatu zinashinda nzito moja. Dawa ni uzito, gundi ni uzito, rangi ni uzito. Bwana Pinto hupima gundi kwa tone. Tone moja la ziada mkiani, husema, linaipandisha pua juu na kuishusha ndege nzima chini. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Sasa ndege yenyewe.

Hii niliijenga kuanzia ufito wa kwanza mpaka herufi ya mwisho bila mkono mwingine kuigusa. Ncha hadi ncha ni mikono yangu nikiinyoosha. Injini haina. Tumboni mna mpira mrefu uliopakwa mafuta ya mbarika, unausokota kwa kekee ukihesabu, ukiachia pangaboi la mbele linazunguka na ndege inakwenda yenyewe. Miguu ni spoku za baiskeli. Mbavu za mabawa ni thelathini na mbili, na kila moja naijua kama ninavyojua meno ya Idil, yapi yametoka na yapi yanasumbua.

Niliirusha mara ya kwanza kwenye uwanja mtupu nyuma ya karakana, asubuhi, upepo haujaamka. Mnajua ndege za kweli zinapopita juu siku hizi. Watoto hawaulizi ni ya nani, wanaingia chini ya vitanda. Idil mwenyewe akisikia mngurumo anajificha kwenye nguo yangu. Hii haikunguruma. Ilitoka mkononi mwangu ikapanda kama mtu anayepanda ngazi asiyoiona mwingine, ikazunguka juu ya paa la karakana, na watoto wa mtaa mzima wakatoka nje badala ya kuingia ndani. Wakainua mikono. Idil pia. Ikatua kwenye majani makavu, ikajiinamia, ikanyamaza.

Hooyo alikuwa pale. Tangu serikali ituamuru wote kukaa kijijini kwa ajili ya vita, aqal yake haijavunjwa wala kupandishwa popote, na ngamia wa kuipandisha hayupo. Imekaa mahali pamoja mpaka mchwa wamegundua miguu yake. Aqal haikujengwa ipate mchwa. Aliitazama ndege muda mrefu kisha akauliza, "Inaweza kwenda mpaka wapi?"

"Mpaka mpira uishe."

"Basi sokota vizuri."

Nikaiita Paa. Kiswahili kina ukarimu kwenye neno hilo: paa ni swala mdogo, paa ni juu ya nyumba, na kupaa ni kwenda juu. Vyote vitatu ni vyangu. Nikaandika kwa rangi nyeusi ubavuni, herufi za urefu wa kiganja: PAA.

Na hapo ndipo tunarudi ofisini. Karani yule ni mgeni mjini, ana miezi miwili. Alivuta fomu bila kuniangalia.

"Kitu gani?"

"Ndege."

"Jina la kitu?"

Nikalisema. Wadogo zangu, nimesoma kidato cha tatu, naandika P bila kigugumizi. Lakini ulimi ni ule ule nilionyonya nao. Nilisema Paa, ikatoka Baa.

"Kazi yake?"

"Kubaa," nikasema. Nilisema kupaa.

Akaandika. Najua kusoma kichwa chini, ni jambo unalojifunza ukikaa mbele ya meza za watu. Alikuwa ameandika: Ndege. Jina, Baa. Kazi yake, baa. Akapiga mstari chini ya neno, mara mbili.

"Mama," akasema kwa sauti ya foleni nzima kusikia, "unataka kibali cha kupeleka baa Nairobi? Huko hawana baa za kutosha?"

Watu wakacheka. Nami ningecheka, mahali pengine, wakati mwingine. Lakini mwaka huu, kwenye fomu yenye jina langu na la mume wangu anayeendesha lori, neno baa, ambalo pia ni janga, lililopigiwa mistari miwili si mzaha. Karatasi kama hiyo inapanda meza moja hadi nyingine, na kila inapopanda hakuna anayeuliza ilianzaje.

"Soma ubavuni," nikamwambia. "Imeandikwa."

"Mimi naandika ninachosikia."

"Basi masikio yako ndiyo yapelekwe shule. Macho yako yameshakaa bure."

Foleni ikacheka tena, safari hii upande wangu. Hapo akasimama na penseli. "Haya," akasema, "tutaona kama ni baa au si baa." Na akaanza kutoboa. Yaliyofuata mnayajua.

Bwana Pinto alipokuja nyumbani na kofia yake, hooyo alimpa chai, akainywa yote kabla ya kusema.

"Sahra, mama, andika tu. Mistari miwili. Neno samahani lina uzito gani? Halipimiki."

"Ni wewe uliyenifundisha kupima gundi kwa tone."

Akazungusha kofia.

"Basi weka tone dogo."

"Hata dogo, Bwana Pinto, likiwa mkiani."

Macho yake yalijaa maji, na sikumfurahia kwa hilo, kwa sababu amenifundisha mambo mengi na hakuna hata moja alilonificha. Anaogopa karakana isifungwe. Ana haki ya kuogopa. Akasema, "Ndege ile ni bora kuliko zangu zote. Nataka ionekane." Nikamwambia mimi pia. Nataka ionekane kwa jina lake, si kama baa lililoombewa radhi.

Hooyo alikuwa anaziba mkeka wakati wote huo. Bila kuinua kichwa akauliza, "Alitoboa mangapi?"

"Saba."

"Ameyaziba?"

"Nani?"

"Aliyetoboa."

Bwana Pinto hakuelewa, ikabidi nimfafanulie. Kwa watu wa hooyo, mgeni akitoboa mkeka wa aqal kwa fimbo au mkuki wake, kwa bahati mbaya au kwa ujeuri, hadaiwi kitu na hatukanwi. Huketi chini karibu na mwenye nyumba, anashika uzi, na hainuki mpaka tundu lizibwe. Akimaliza anapewa maziwa. Hooyo alisema amewahi kumwona mzee mwenye ndevu nyeupe, anayeogopwa na ukoo mzima, ameketi na sindano mchana kutwa, anakosea, wanawake wanamcheka, naye anacheka nao. Alipoondoka kila mtu alikuwa mzima.

Bwana Pinto akavaa kofia. Mlangoni akageuka. "Karatasi ya kiraka iko kwenye droo ya kushoto," akasema. "Nitakuachia ufunguo chini ya jiwe."

Kwa hiyo msiniambie nilikuwa peke yangu.

Barua niliiandika jana na kuipeleka leo asubuhi kwa mikono yangu, Idil mgongoni. Nilisimama dirishani mpaka ikagongwa muhuri, kwa sababu barua isiyogongwa muhuri ni karatasi ya kufungia njugu. Karani mwenyewe ndiye aliyeugonga. Hatukusemezana. Mkisoma haya Jumatatu haijafika, na sijui lori la Abdi litaondoka na nini. Mkinikosa karakanani, jueni kilichonitoa, na mkifika kwenye dirisha lile siku yenu, someni fomu kichwa chini kabla ya kutia sahihi. Nakala ni hii.

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Vibali,
Garissa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NDEGE IITWAYO PAA

Bwana,

Niliagizwa kuandika barua ya kuomba radhi. Hii siyo. Ni malalamiko, na naomba yaandikwe kwenye daftari la malalamiko, si la radhi.

Kwanza. Kwenye fomu yangu karani wako ameandika neno baa. Ndege hii inaitwa Paa, na kazi yake ni kupaa. Jina limeandikwa ubavuni kwa herufi anazoweza kusoma mtu aliye ng'ambo ya barabara. Naomba neno hilo lifutwe kwenye fomu na kila mahali lilikonakiliwa, na nionyeshwe limefutwa. Sisi watu wa huku tunaitamka P kama B. Hilo si kosa la jinai, na ofisi inayotuhudumia ingekuwa imelizoea.

Pili. Pale penye "kazi ya mwombaji" karani aliandika "mama wa nyumbani" bila kuniuliza. Mimi ni mama, na nyumba ninayo. Kazi yangu ni fundi wa ndege.

Tatu. Ndege imeegemezwa kwa bawa la kushoto kwenye stoo ya mabati. Naomba leo hii ilazwe chini kwa tumbo, kivulini, na mawe madogo manne yawekwe kwenye pembe za mabawa, juu ya kitambaa. Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo. Si lazima awe fundi.

Nne. Mabawa yana matundu saba, yaliyotobolewa kwa penseli na karani wako mbele ya foleni, akitafuta kilichomo. Kilichomo ni hewa. Sidai fidia. Nadai kwamba karani huyo aje karakanani kabla ya Jumatatu, aoshe mikono, aketi kando yangu, na ayazibe yote saba yeye mwenyewe. Nitamwonyesha. Kiraka kiwe cha mviringo, maana chenye pembe hubanduka. Nyuzi za karatasi zifuate urefu wa bawa. Uji uwe mwepesi, na manemane nitaisaga mimi. Akikosea atarudia. Akimaliza atapewa maziwa, kama ilivyo desturi yetu, na mimi na yeye hatutakuwa na neno.

Tano. Penseli niliivunja mimi, sikatai. Nimeambatanisha nyingine, nyekundu, mpya, kama ile.

Haijachongwa.

Sahra, fundi wa ndege